Mono na Voliumu Iliyolegea

Ukitaka kumuudhi Mono, mletee redio ya kughushi halafu umwambie ni Mjapani. Kuna bwana alijaribu. Alichukua amplifaya ya zamani, ile ya boksi la mbao na uso wa chuma kinachong'aa, akang'oa matumbo yote ya ndani, akajaza takataka za juzi na kipande cha tofali juu yake, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba Mono huanza kwa kupima uzito. Mono aliliinua boksi, akalitikisa, tofali likagonga. Hakuuliza swali. Alimbamiza nalo kifuani, bwana akaanguka chali juu ya meza ya Mama Chaja, chaja zikatawanyika hadi katikati ya barabara, na kabla hajanyanyuka Mono alikuwa ameshamkalia tumboni anamtwanga. Ilibidi wauza betri waje kumbandua. Baadaye jino la yule bwana lilionekana ndani ya kopo la skrubu, na Mama Chaja, ambaye mdomo wake hauna likizo, akaliweka juu ya meza akauliza kama nalo ni la Kijapani.

Huyo ndiye Mono. Mtaa mzima wa vifaa vya umeme ulimjua na kumuogopa, na ulimhitaji vilevile. Mono, kwa asiyejua, ni redio inayotoa sauti ya spika moja, na jina hilo alipewa kwa sababu sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Watu walicheka sana kwamba mtu wa sikio moja ndiye anayekadiria redio za spika mbili. Wacheke. Mono alikuwa na kiti cha kuzunguka. Aliketi katikati ya spika, akasikiliza ya kulia hadi ikamwingia, kisha akajizungusha akaipa spika ya kushoto sikio lilelile. Alikuwa akisema kwamba wenye masikio mawili hudanganywa na spika moja inayoisaidia mwenzake iliyochoka, na yeye hana wa kumdanganya.

Kazi yake ilikuwa kutia thamani. Mtu amerithi redio ya marehemu, mwingine ameiokota kwenye stoo ya ofisi inayohama, hajui kama ana mali au kuni. Wanamletea Mono. Hana haraka. Anainusa kwanza, kwa sababu kifaa kilichowahi kuungua hakiachi kunuka. Anatazama vichwa vya skrubu kuona kama kuna bisibisi ya ovyo iliyowahi kupita. Anaichomeka kupitia transfoma yake, maana hizi zilizotengenezwa kwa ajili ya nyumba za Wajapani wenyewe zinakula umeme mdogo, na ukizichomeka ukutani hivihivi unazichoma.

Halafu anafika kwenye voliumu, na hapo ndipo wenzake walipokuwa wakimwachia. Ndani ya voliumu kuna njia nyembamba nyeusi, na kidole cha chuma kinachotembea juu yake. Pale kidole kinapopita sana, njia inachubuka, na ukiizungusha pale spika inakwaruza. Mono aliufunga mlango, akazungusha taratibu, akasikiliza mikwaruzo. Alikuwa akikwambia kwamba nyumba hii walisikiliza taarifa ya habari na kulala, nyumba ile walikuwa na mtoto mchanga, hii nyingine ilikuwa baa na mnanidanganya. Hakukosea. Wapo waliochukua redio zao wakaondoka wamenuna, kwa sababu alikuwa amewasomea ndoa zao.

Nyumbani kwake, chumba cha pili kilikuwa kimejaa amplifaya za namna moja tu. Uso uleule, mishale miwili ileile inayocheza nyuma ya kioo, taa ileile ya manjano. Wakusanyaji wengine hutafuta aina mbalimbali, yeye alitafuta ileile moja, na kila aliyoipata aliitengeneza hadi ikawa mpya, kisha akafanya jambo lililowatia wenzake wazimu. Alitoboa tundu dogo nyuma ya uso wa redio akakaza skrubu ili voliumu isipite nusu. Tundu lile linaishusha thamani, na hakuna aliyejua hivyo kuliko yeye.

Redio ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa kwao. Baba yake alikuwa dereva wa kampuni ya kujenga madaraja, na mhandisi wa Kijapani aliyekuwa akimwendesha alipomaliza kazi alimwachia vyombo vyake vya nyumbani vya muziki, vyote na spika zake. Baba hakuwa mlevi. Mono husema hivi kila mara, kwa sababu watu wanapenda kusikia kwamba alikuwa mlevi, ili waelewe. Alirudi kutoka kazini mzima, akanawa, akala, akakunja mikono ya shati, kisha akamwambia mwanawe, "Kapandishe sauti."

Mtoto alikwenda, akashika voliumu, akaizungusha hadi inapogota. Nyuma yake muziki ulijaa nyumba, na ndani ya muziki mama alikuwa anapigwa. Mkanda, ngumi, siku nyingine mguu wa stuli. Majirani walisikia muziki basi. Kulikuwa na jirani mmoja, mwanamke mwema tu, ambaye kesho yake alimkuta mama amejitanda kitambaa hadi puani akamwambia, "Shoga, nyumba yenu ina raha jamani!"

Siku moja mvulana alitumwa akapandishe, akaizima. Nyumba ikanyamaza, na kilio cha mama kikatoka hadi barabarani. Baba aligeuka. Kofi lilitua sikioni, kiganja wazi, na kitu kikapasuka mle ndani, damu ikamteremka shingoni. Dada yake mdogo alikuwa amejificha chini ya meza. Baba alipoinama kumvuta naye kwa mguu, mvulana alimrukia mgongoni akamng'ata begani hadi meno yakakutana. Alipigwa akajikojolea. Lakini dada hakuguswa, na mvulana aliapa, amelala sakafuni na sikio limejaa damu, kwamba hakuna mkono wa mwanamume utakaomgusa dada huyu maadamu yeye yu hai. Kiapo hicho alikibeba hadi mvi zikamtoka. Hakuoa. Alipiga wanaume wengi, mwanamke au mtoto hakumpiga hata mmoja, na alijisifu kwa hilo kama wengine wanavyojisifu kwa nyumba ya ghorofa.

Siku baba alipozikwa, Mono aliitoa ile redio nje akaipasua kwa shoka mbele ya waombolezaji. Halafu akatumia maisha yake yote kununua zinazofanana nayo. Ukimuuliza kwa nini, jiandae kukimbia.

Dada alipoolewa, Mono alimzawadia amplifaya iliyo bora kuliko zote chumbani. Aliibadilishia hata voliumu, akamfungia mpya kabisa, ya Kijapani halisi, aliyokuwa ameihifadhi ndani ya pamba miaka. Alipochukua skrubu aikaze, dada akamshika mkono.

"Hii usiifunge, kaka. Nataka iende mpaka mwisho."

Mono alifurahi hadi machozi yakamlenga. Alijiambia kwamba afadhali mmoja wao amepona.

Bwana harusi alikuwa fundi cherehani, mtu wa sauti ya chini, mwembamba, mwenye tabia ya kutembea na pini kwenye kola. Mono alimvuta pembeni siku ileile ya harusi akamnong'oneza, "Ukimgusa, nakuua." Fundi cherehani alidhani ni utani wa shemeji, akacheka. Wakapata mtoto wa kike, akakua, akaanza shule. Mono aliwatembelea, akaletewa kiti, akala, akamsikiliza shemeji yake asivyosema kitu. Kila akifika redio ilikuwa chini, chini kabisa.

Basi asubuhi moja fundi cherehani akaingia dukani amebeba kitu begani, kimefungwa kwa shuka. Alikitua juu ya meza, akafungua fundo. Ilikuwa redio ya harusi.

"Shemeji, nitazamie hii," alisema. "Niambie thamani yake. Au chukua tu, hata bure. Nataka iondoke nyumbani."

"Dada anajua?"

"Hajui. Yuko sokoni."

Mono hakupenda. Hata hivyo kazi ni kazi, na mikono yake ilikuwa imeshaanza. Alinusa, hamna kitu. Aliiwasha. Mishale ikaamka, taa ya manjano ikaja. Akashika voliumu, ile aliyoifunga yeye mwenyewe, akaanza kuizungusha taratibu.

Chini kulikuwa na mkwaruzo mdogo, wa kawaida. Katikati pote pasafi, kana kwamba hakuna aliyewahi kukaa hapo. Kisha akafika juu. Spika zikapiga kelele kama bati linaloburutwa kwenye zege, na voliumu, badala ya kugota, ikapita mahali pake na kucheza ovyo. Kizuizi cha mwisho kilikuwa kimevunjika. Kizuizi kile ni chuma. Hakivunjiki kwa kupenda muziki. Kinavunjwa na mkono wenye haraka, unaotoka chini hadi mwisho kwa mpigo mmoja, mara kwa mara, mwaka baada ya mwaka.

Mono aliurudisha mkono akautazama. 

"Nani anaifungua mpaka mwisho?"

Fundi cherehani aliinamisha kichwa. Macho yakamjaa maji. "Shemeji, ndilo hasa lililonileta. Sijui nianzie wapi. Mimi nimeshindwa. Mimi si mwanamume, shemeji, nimekaa nikaangalia..."

Hakumaliza. Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni, ya pili ikampata alipokuwa anajishika mdomo. Alikwenda chini na kiti. Mono akamnyanyua kwa shati, vifungo vikaruka, akambana kichwa chini ya kwapa la kushoto akawa anamshindilia usoni kwa mkono wa kulia, na kila ngumi alikuwa anasema, "Nilikwambia. Nilikwambia. Sikukwambia?" Fundi cherehani hakurusha hata kofi. Alikuwa anaongea. Mdomo umejaa damu, anarudia maneno yaleyale, anayasemea kwenye ubavu wa kushoto wa Mono, upande ambao hata ukipiga baragumu husikiki. Mama Chaja alikuja mbio akamng'ang'ania Mono mkono.

"Muache! Utaua! Si huyo anakwambia si yeye?"

"Wote huwa si wao!" Mono alifoka.

Akamgongesha kichwa kwenye ukingo wa meza. Kulisikika mlio mkavu, pua ikaenda upande, na mtu akalegea mzima mzima. Hapo ndipo Mono alipomwachia. Fundi cherehani aliteleza hadi sakafuni, akashika suruali ya Mono kwa vidole vilivyolowa, akasema neno moja lililosikika, "Mtoto."

Mono aliposikia mtoto, akili ilimruka kabisa. Kumbe na mtoto! Alimpiga teke la mbavu, akawaambia wauza betri wampeleke zahanati au wamtupe jalalani, shauri lao, akatoka mbio bila kufunga duka. Njia nzima watu walimpisha. Shati lake lilikuwa jekundu hadi kiunoni.

Dada alikuwa ameshatoka sokoni. Alikuwa sebuleni anapiga pasi nguo za wateja wa mumewe, na alipomwona kaka yake mlangoni aliinua mikono kichwani.

"Mungu wangu! Damu ya nini hiyo? Umegongwa?"

"Si yangu. Fungasha nguo, tunaondoka. Wewe na mtoto."

"Tunaondoka kwenda wapi? Kaka, kuna nini?"

"Nimeiona voliumu," Mono alisema. "Ungeniambia. Miaka yote hii, mdogo wangu, si ungeniambia? Nimempa haki yake. Hatakugusa tena."

Dada alitazama kwenye kona, pale redio ilipokuwa ikikaa. Palikuwa na mstatili wa vumbi. Alikuwa hajaona, na alipoona uso wake ulibadilika, lakini haukubadilika kama wa mtu aliyeokolewa.

"Ameipeleka kwako?" aliuliza polepole. "Mwenyewe?"

Mtoto alikuwa amejitokeza mlangoni mwa chumba cha kulala. Joto lote lile, alikuwa amevaa sweta la mikono mirefu. Alikuwa amesikia neno tunaondoka, na tayari alikuwa amechuchumaa anavaa viatu, kwa pupa, cha kulia anakitia mguu wa kushoto. Hakulia wala hakuuliza damu ni ya nani. Aliuliza jambo moja.

"Mjomba, na mama anakuja?"

"Ndiyo, mama yangu. Sote."

Mtoto aliacha kufunga kamba.  Kisha akakivua kile kiatu, akakiweka kando ya mwenzake, vizuri, akarudi kuegemea mlango.

Pasi ilikuwa inaunguza nguo na hakuna aliyeinyanyua.  Mono alimwendea mtoto, akapiga magoti, akamkunja mkono wa sweta. Kulikuwa na mistari, miwili miwili, mingine imekauka na mingine mibichi. Mkono mzima. Maisha yake yote alikuwa ameshika waya, na alijua ni waya wa spika uliokunjwa mara mbili unaoacha alama ya namna ile.

"Nani anapandisha sauti?" alimuuliza, na alikuwa anajua, na alitamani kufa kabla hajajibiwa.

"Mimi," mtoto alinong'ona. "Mama akishasema."

"Ananijibu!" dada alisema nyuma yake. "Wewe unamwona hivyo, hujui anavyonijibu. Na baba yake anakaa hapo na sindano zake analia, badala ya kunisaidia kulea! Nani alinifundisha mimi kulea?"

"Nyamaza."

"Usininyamazishe kwangu! Wewe ulipigwa kofi moja sikio likaziba, ukapumzika. Mimi niliendelea kusikia!"

Alimpita Mono akamrukia mtoto, akamkamata nywele. Mono akauingiza mwili wake katikati kama zamani, isipokuwa safari hii aliyekuwa anamzuia ni yuleyule aliyewahi kumkinga. Dada alimkwaruza uso, akamng'ata kidole, na alipoona haachii akageuka akanyakua pasi, akampiga nayo. Ilimpata juu ya jicho. Aliisikia nyama ikiungua kabla hajasikia maumivu. Akamsukuma dada ukutani, mkono mmoja kooni, ngumi ikapanda juu, na macho ya dada yakafumba, yakafumba haraka, kwa mazoea, na uso ukawa ule wa chini ya meza.

"Mjomba usimpige!" mtoto alilia. Ndiyo mara ya kwanza alipolia. "Usimpige mama! Nitakuwa mzuri!"

Ngumi ilibaki hewani. Mono alimwachia dada yake, naye akateremka ukutani akakaa sakafuni, miguu mbele, anapumua kwa mdomo. Hakumtazama kaka yake. Alisema, "Nirudishie mwanangu," wakati mtoto alikuwa bado pale pale chumbani.

Mono alizima pasi. Alimvalisha mtoto viatu, kila kimoja na mguu wake, vidole vyake vinateleza kwenye kamba. Alimwambia dada kwamba atarudi, kwamba hamwachi, kwamba jioni watakaa chini waongee, na hata yeye mwenyewe hakujua anaongea nini. Dada alikuwa amejifunika uso kwa nguo ya mteja iliyoungua.

Walitoka mkono kwa mkono. Mtoto alitembea upesi, na walipofika kwenye kona alishusha pumzi, akaanza kuuliza maswali ya kitoto. Kwa nini jicho lako limevimba, mjomba? Je, kwako kuna kitanda? Baba yuko wapi? Mono alimwambia baba yuko zahanati, wanakwenda kumwona. Aliona aibu iliyomtoa jasho. Alikuwa anamkumbuka yule mtu chini ya kwapa lake, anaongea na sikio lililokufa, harudishi hata pigo moja, mtu ambaye hajui kupiga kabisa, na ambaye kwa kutokujua kupiga alikuwa ameubeba mzigo ule begani mjini kote kuja kwa mtu pekee aliyedhani ataelewa.

Zahanati ilikuwa imejaa. Fundi cherehani alikuwa kwenye benchi la ukutani, pamba puani, nyuzi nyeusi mdomoni, jicho moja limefunga kabisa. Mama Chaja alikuwa kando yake amemshikia kikombe cha maji, na alipomwona Mono alitema chini. Fundi cherehani aliliona sweta la mtoto kwanza. Akajaribu kusimama, mbavu zikamrudisha kwenye benchi.

"Umemtoa?" aliuliza, maneno yakipita kwa shida kwenye nyuzi. "Umemtoa, shemeji? Ahsante. Ahsante sana."

Mtoto alikuwa amesimama hatua chache nyuma, bado ameshika vidole vya mjomba wake. Alikuwa anautazama uso wa baba yake kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Baba," alisema. "Nani kakupiga?"

Fundi cherehani alitikisa kichwa. "Nilianguka, mama."

Lakini mtoto alilijua jibu hilo. Ndilo alilokuwa akiwaambia walimu. Aligeuza uso juu, akalitazama shati la Mono, damu iliyokauka kuanzia kifuani hadi kiunoni, kisha akautazama mkono alioushika, vifundo vyake vilivyochanika.

"Ni mimi," Mono alisema.

 Mtoto aliuchomoa mkono wake taratibu, kama tunavyofundishwa kujitoa mbele ya mbwa mkali bila kumshtua, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.